Mikono ya Shangazi, Mtaro wa Meneja

Barua ilikuwa na mistari minne na muhuri wa bluu, na kwa adabu zote ilimwarifu shangazi yangu kwamba ana mikono michafu.

Haikusema hivyo waziwazi, maana barua za ofisi hazitukani. Zinakutemea mate kwa kijiko. Ilisema "uchunguzi wa awali umebaini kuwa chanzo cha uchafuzi ni mhudumu wa beseni la kuoshea," na kwamba Ijumaa ijayo, mbele ya mkaguzi wa mnunuzi, mhudumu huyo "atatenganishwa na shughuli za kampuni." Kutenganishwa! Utadhani kiini cha yai.

Mhudumu wa beseni ni mmoja tu kiwanda kizima, naye ni dada wa baba yangu. Ni mwanamke ambaye akitaka kukupa chai huosha kikombe kilichokwisha oshwa, na ukimaliza kunywa hukiosha mara mbili, ya pili akikutazama mdomo. Amenilea tangu nina miaka sita. Nimesuguliwa shingo na huyo mama mpaka nikaanza kuamini kwamba rangi niliyozaliwa nayo ilikuwa nyingine. Sasa huyo ndiye wamemwita mchafu. Afadhali wangesema samaki anaogopa maji.

Kiwanda chetu kinafungasha majani ya saladi. Majani yanakuja kwa kreti kutoka mashambani, yanakatwa vikonyo, yanaoshwa kwenye beseni refu la maji yenye klorini, ambalo ndilo ufalme wa shangazi, halafu yanapanda mkanda wenye matundu yakichuruzika maji. Mwisho wa mkanda kuna meza, na kwenye meza kuna wasichana kumi na wanne wenye kofia za wavu wanaoyatia kwenye pakiti zilizoandikwa: Yameoshwa. Tayari kuliwa. Mlaji haoshi tena, wala hapiki. Anafungua, anakula. Kwa hiyo uchafu wetu hauna kituo njiani. Ukipanda kwetu unashukia tumboni mwa mtu.

Mimi kazi yangu ilikuwa vijiti. Unachukua kijiti chenye pamba kichwani, unapangusa juu ya meza, unakitumbukiza kwenye kichupa, unaandika tarehe, kinakwenda maabara. Maabara inarudisha karatasi inayosema bakteria wapo au hawapo. Kwa miaka miwili karatasi zangu zote zilisema hawapo. Meneja alizigeuza vyeti, akavitundika ofisini mpaka ukuta wenyewe ukawa hauonekani.

Siri ya vyeti hivyo ilikuwa Bibi Harusi.

Bibi Harusi ni meza. Alikaa kona ya mbali kabisa ya ukumbi, amefunikwa shuka jeupe, na tangu anunuliwe hajawahi kuwekewa hata jani moja. Siku ya vijiti meneja mwenyewe alimfunua, polepole, kama bwana harusi mwenye haya, akaniambia, "Haya, pangusa hapa." Nikapangusa. Tukamfunika. Wiki ilipokwisha tukarudia.

Mwezi wangu wa kwanza niliuliza kwa nini tusipanguse meza zinazofanya kazi.

Meneja alinitazama kwa huruma kabisa. "Binti, zile si zinatumika? Zina uchafu. Utapangusaje uchafu halafu utegemee matokeo mazuri?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na baiolojia niliifaulu vizuri, lakini hoja kama ile haikuwemo kwenye kitabu. Tena nilikuwa na shida ya kazi. Basi nikawa mpambe wa Bibi Harusi, nikatia sahihi kila wiki, na nikajiambia kwamba wakubwa wana sababu zao. Ndivyo tunavyojiambia wadogo tukiwa na njaa.

Huyo meneja tulimwita Ing'ae. Ndilo neno lake asubuhi mpaka jioni. Sakafu ing'ae! Buti zing'ae! Mlango ung'ae! Yeye mwenyewe alikuwa na kipara kinachong'aa na miwani aliyoisugua kwa tai kila baada ya sentensi mbili. Akija mgeni, Ing'ae alikuwa hali wala halali. Ukimwambia kitu kimeoza ndani alikuuliza, "Kinaonekana?"

Basi ndani ya miezi minne mnunuzi alirudisha mizigo mitatu. Walipima pakiti zetu huko kwao, wakamkuta bakteria wa mitaroni, yule asiyejali baridi; ukimtia kwenye friji anaona umempangishia chumba. Watu kadhaa walikuwa wameugua. Mmoja alikuwa mama mjamzito, na alikuwa bado amelazwa.

Ing'ae alitusomea habari hizo ukumbini, akasugua miwani, akasema, "Haiwezekani. Meza yetu haijawahi kukutwa na kitu."

Mmoja wetu alikohoa kikohozi ambacho mimi nakijua, ni kicheko kilichovaa suti.

"Kama meza ni safi," akaendelea, "basi ni mtu. Nani alikuwa kwenye beseni siku mizigo hiyo mitatu ilipofungashwa?"

Shangazi akainua mkono. "Ni mimi, baba. Na siku nyingine zote ambazo mzigo haukurudi, nilikuwa mimi vilevile."

"Ahaa," akasema Ing'ae. "Kwa hiyo unakiri."

Alinituma nikampanguse shangazi mikono. Kwa Bibi Harusi alikuwa ananiambia, "Polepole, usimkwaruze." Kwa shangazi alisema, "Kandamiza. Ingia kwenye kucha. Pangusa mpaka upate." Nilipangusa, shangazi akiwa amenyoosha mikono mbele kama mtoto anayesubiri fimbo, na wenzake wakitazama. Matokeo yakarudi: hawapo. Nikayapeleka ofisini nikikimbia.

Ing'ae aliyasoma, akatikisa kichwa. "Unaona ujanja wake? Alijua atapimwa, akanawa."

"Bosi, ananawa kila siku."

"Ndiyo ujanja wenyewe huo."

Ijumaa ya wiki hiyohiyo barua ikatoka, akakabidhiwa ukumbini mbele ya wote.

Jioni nilimkuta shangazi uani, amekaa kwenye kigoda, beseni la maji ya moto mbele yake, anasugua vidole kwa brashi ya kufulia. Ngozi ya vifundo ilikuwa imeanza kuchubuka.

"Shangazi, hiyo ni mikono, si sufuria."

"Ondoka hapa."

"Nipe hiyo brashi."

"Nikupe ukapanguse nini? Wewe una vijiti elfu, unakwenda kumpangusa asiyefanya kazi. Hata mimi nikikaa kona miaka miwili nimefunikwa shuka, si nitakuwa safi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Leo yule mwenzangu wa mkanda," alisema bila kuinua macho, "tumekunywa naye chai meza moja miaka saba. Leo amechukua kikombe chake akaenda kunywea dirishani. Amesimama! Afadhali asimame kuliko kukaa na mimi. Kufukuzwa si kitu, mwanangu, sitakuwa wa kwanza. Lakini nikitoka na barua ile, huko nje nitakuwa yule mama aliyewaugulisha watu kwa uchafu. Jirani akifiwa nitaingia jiko la nani? Nani atapokea chakula mkononi mwangu?"

Nilichukua brashi nikaikalia.

Baadaye akiwa anajipaka mafuta nikamwuliza anakumbuka nini kuhusu siku zile tatu. Nilidhani atasema hakumbuki.

"Nazikumbuka sana. Zote zilikuwa za biskuti."

Hapa inabidi nieleze: kiwandani kwetu biskuti zilionekana siku moja tu, siku ya wageni. Zilipangwa kwenye sahani ofisini, mgeni alikula mbili, zilizobaki tuligombea sisi. Mfanyakazi wetu hahesabu miezi kwa kalenda.

"Una hakika? Zote tatu?"

"Ya kwanza zilikuwa za nazi, ya pili zile kavu za kuvunja meno, ya tatu uliniletea nusu ukasema nyingine imeanguka. Tena siku hizo aproni yangu ililowa mgongoni."

"Mgongoni?"

"Mgongoni. Nikajiuliza, beseni liko mbele yangu, mgongo unaloweshwa na nani?"

Tulitazamana. Nadhani wote wawili tulisikia mlio uleule kichwani, ule wa mashine ya maji.

Kiwandani tuna mtu wa kuosha sakafu, jina lake Zimamoto. Ni jitu la miraba minne, na mashine yake ya maji ya presha anaibeba kwa mapenzi kama mwanamuziki na gitaa lake. Siku za kawaida Zimamoto alipiga ufagio na kuosha kwa ndoo jioni, kazi ikiisha na majani yakiwa yamekwisha ondoka. Lakini siku ya mgeni Ing'ae alimtaka aoshe asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto, dakika kumi kabla mgeni hajaingia. Sababu ilikuwa moja: sakafu kavu haing'ai.

Na Zimamoto alianzia wapi? Mtaroni. Ule mtaro unaopita katikati ya ukumbi, nyuma ya mgongo wa shangazi, chini ya mkanda, mpaka kwenye meza za wasichana. Maji yote machafu ya kiwanda yanapita humo.

Ilibidi nipime. Kwa bahati, Jumatatu Ing'ae alitangaza mazoezi. Kesho yake, Jumanne, ukumbi wote ungeng'arishwa kama Ijumaa ya mkaguzi, ili Ijumaa pasitokee aibu. Watu wengine hufanya mazoezi ya moto. Sisi tulifanya mazoezi ya kung'aa.

Jumanne nilipangusa meza za wasichana kabla Zimamoto hajaanza. Halafu nikaenda mtaroni nikachutama.

"Wewe," Zimamoto akaniita, "umepoteza hereni?"

"Nampangusa mtaro wako."

"Mpanguse Bibi Harusi, huyu ni mtu mzima."

"Ukiosha huwa unafanyaje humu ndani?"

Akavimba kifua. "Naingiza mdomo wa mpira mpaka chini kabisa. Uchafu umelala kule. Mimi nauamsha."

"Ukishauamsha unakwenda wapi?"

Alifikiri. Niliona swali likipanda ngazi kichwani mwake, likifika juu, likikuta mlango umefungwa. "Unakwenda," akasema, na akawasha mashine.

Nilipangusa meza zilezile tena baada ya yeye kumaliza. Vijiti vyote nikavipeleka maabara mwenyewe kwa miguu, nikaomba kipimo cha haraka cha siku mbili. Kwenye fomu, pale palipoandikwa "aliyeagiza," nikatia jina la Ing'ae. Dhambi ndogo, kubwa nilikuwa nimezitia sahihi miaka miwili.

Alhamisi karatasi ikatoka. Meza kabla ya kuosha: hawapo. Mtaro: wapo, wengi kupita kuhesabika. Meza baada ya kuosha: wapo.

Nilirukaruka pale maabara mpaka mhudumu akaniuliza kama nimefaulu mtihani. Nikatoka nje, na barabarani furaha ikanishuka ghafla. Kumbe meza zile zingeweza kusema haya siku yoyote ya biskuti, kama kuna mtu angeziuliza. Mtu wa kuziuliza alikuwa mimi. Nikamfikiria yule mama kitandani hospitali, ambaye hanijui, aliyekula jani kwa sababu pakiti ilimwambia limeoshwa.

Nikaenda moja kwa moja ofisini. Ing'ae alisoma ile karatasi taratibu mara mbili, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu njiani.

"Nani alikuruhusu kupangusa vitu vichafu?"

"Bosi, chanzo ni mtaro, si shangazi. Zimamoto akipuliza mtaroni maji yanaruka kama ukungu, yanatua kwenye majani yaliyokwisha oshwa. Kadiri tunavyoosha ndivyo tunavyochafua."

"Unataka nimwambie mkaguzi kwamba tumewaugulisha watu kwa usafi?"

"Ndiyo ukweli."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye droo, akaifunga, na ufunguo akautia mfukoni. Sauti yake ikawa tamu, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Sikiliza, binti. Sahihi ya miaka miwili kwenye vijiti ni ya nani? Yangu? Wewe zungumza kesho, ni haki yako. Utatoka wewe, na shangazi yako atatoka vilevile. Mtapumzika familia nzima." Akasugua miwani. "Ukinyamaza, atatoka mmoja tu. Hesabu hiyo hata aliyeishia darasa la pili anaiweza."

Usiku ule sikumwambia shangazi. Yeye alikuwa anapiga pasi nguo ya kufukuziwa, blauzi yake nzuri kuliko zote, akisema hatatoka mle ndani amekunjamana.

Ijumaa ikafika, na biskuti zikafika, safari hii za chokoleti, maana hali ilikuwa mbaya. Zimamoto aliwasha mashine saa tatu kasoro dakika kumi. Saa tatu kamili mkaguzi akaingia. Alikuwa mama mfupi, koti jeupe, buti zake mwenyewe kwenye mfuko, na kalamu nyuma ya sikio. Sahani ya biskuti aliipita kama inamdai.

"Karibu sana, mama," Ing'ae akasema, mikono miwili ikielekea sakafuni. "Kama unavyoona."

"Naona pamelowa," akasema mkaguzi.

Tulipangwa mstari mmoja, majani yakiendelea kupita kwenye mkanda. Shangazi aliitwa mbele na blauzi yake iliyonyooka. Ing'ae akatoa hotuba fupi: kampuni haina mzaha na usafi, chanzo kimepatikana, hatua zimechukuliwa. Akamwekea shangazi ile barua mezani na kalamu juu yake. "Tia sahihi hapo, mama, kwamba umekubali."

Shangazi hakuishika kalamu. "Nimekubali nini, baba?"

"Kwamba wewe ndiye chanzo."

"Mlijuaje?" mkaguzi akauliza.

"Kwa uchunguzi, mama."

"Mlimpima?"

Ing'ae akakohoa. "Alikuwa amenawa."

Hapo nikatoka kwenye mstari. Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Lakini nilimwona yule mwenzake wa mkanda anamtazama shangazi kwa jicho la kumhurumia mgonjwa, na mdomo wangu ukafunguka kabla sijaupa ruhusa.

"Mama mkaguzi, naomba miwani ya meneja."

"Rudi kwenye mstari!" Ing'ae akafoka.

"Miwani ya nini?" mkaguzi akauliza.

"Ya kupimia. Vijiti vyangu vina uongo kidogo, lakini miwani ya bosi haijawahi kuwa na doa. Kila mtu hapa anaweza kuishuhudia."

Mstari mzima ukaitikia, "Kweli!" Mkaguzi akanyoosha mkono. Ing'ae akasita, akatazama huku na huku, halafu akaivua. Nadhani alishindwa kukataa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Niliifuta kwa kitambaa kipya, nikaiweka juu ya meza ya wasichana, vioo juu, katikati ya majani.

"Zimamoto, osha mtaro. Vilevile ulivyoosha asubuhi."

Zimamoto alimtazama Ing'ae, ambaye bila miwani alikuwa anautazama ukuta kwa ukali. Akamtazama shangazi. "Mama, nisamehe," akasema, akaingiza mdomo wa mpira mtaroni na kuachia.

Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa dirisha la mashariki, na ndani ya mwanga ule sote tuliona. Ukungu ulipanda kutoka mtaroni, mwembamba, mzuri hata, una rangi za upinde wa mvua. Ukapanda mpaka kifuani, ukatanda, ukashuka taratibu juu ya mkanda, juu ya meza, juu ya majani yaliyokwisha oshwa, juu ya mgongo wa blauzi ya shangazi. Msichana mmoja aliyekuwa mdomo wazi aliufunga haraka.

Zimamoto akazima mashine, akabaki ameishikilia kama mtu aliyekuta nyoka mkononi. "Kumbe unakwenda huku," akasema kwa sauti ndogo.

Mkaguzi akaiokota miwani na kuinyanyua kwenye mwanga. Vioo vilijaa vitone.

"Bosi," nikasema, "maji hayo yametoka mtaroni. Kama mtaro wetu ni safi, lamba."

Mkaguzi, bila kucheka hata kidogo, akampa Ing'ae miwani yake.

"Endelea tu," akamwambia.

Ing'ae aliisogeza miwani karibu na uso. Ikafika kidevuni. Ikasimama. Midomo ikacheza kidogo, ikajificha ndani.

"Mimi," akasema, "nimeshapata kifungua kinywa."

"Lamba, baba," shangazi akasema kwa upole kabisa. "Walaji wetu wanalamba, na wao wanalipa."

Hakulamba. Mkaguzi alichomoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika ukurasa mzima, halafu akauliza jambo ambalo nilijua litakuja. "Karatasi za vipimo vya miaka miwili zinasema hapa hakuna kitu. Zilipatikanaje?"

Ing'ae akanielekezea kidole, japo, miwani ikiwa bado mkononi, kidole kilimwangukia msichana wa pembeni yangu. Nikakisogelea, nikasimama kinaponihusu. Nikampeleka mkaguzi kona ya mbali, nikavuta shuka.

Aliitazama meza ile muda mrefu. "Nzuri," akasema. "Nani alikuwa anaipangusa?"

"Mimi."

"Ulijua haitumiki?"

"Nilijua."

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliandika tu, akaniuliza jina langu linaandikwaje.

Kiwanda kilifungwa siku tisa. Pakiti zilizokuwa madukani ziliitwa zirudi, mtaro ukavunjwa na kujengwa ukiwa na mfuniko, na mashine ya presha ikafungiwa stoo. Zimamoto aliisindikiza mpaka mlangoni. Siku ya kumi lilibandikwa tangazo kwamba uongozi, kwa umakini wake, umegundua na kudhibiti chanzo cha tatizo. Ing'ae hakuwepo kulisoma. Alikuwa amehamishiwa makao makuu, kuwa mshauri wa usafi wa viwanda vyote.

Shangazi aliitwa ofisini na meneja mpya, akapewa barua nyingine, nayo mistari minne na muhuri, inayofuta ile ya kwanza. Akairudisha mezani.

"Ile ya kwanza mlinipa wapi?"

"Ukumbini, mama."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

"Basi."

Ikasomwa ukumbini, mbele ya wote, na shangazi akataka isomwe mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mkanda ulikuwa unapiga kelele. Saa ya chai yule mwenzake alikuja na kikombe chake, anazungukazunguka. Shangazi alimwacha azunguke mara tatu, ndipo akasogea kumpa nafasi.

Mimi sikufukuzwa. Mkaguzi aliandika kwamba mtoa taarifa asiguswe, na kwamba asiguse vijiti tena maishani mwake. Meneja mpya alikaa akatafuta kazi isiyohitaji sahihi, akaniweka beseni la kuoshea, chini ya mhudumu mkuu.

Asubuhi ya kwanza nilifika nimevaa aproni, nimenawa mpaka viwiko, natabasamu. "Shikamoo, bosi."

Hakuitika. Alichukua mikono yangu, akaigeuza juu chini, akaitanua vidole kimoja kimoja.

"Yule mama ametoka hospitali," alisema. "Mkaguzi amepiga simu. Yeye na mtoto wazima."

Machozi yakaniwahi.

"Usinililie kwenye beseni, nimeshapima klorini," akasema. "Mikono hii ndiyo iliyokuwa inaandika hawapo?"

"Ndiyo, shangazi."

Akaiachia. "Kanawe."

Nikaenda, nikanawa, nikarudi nikaionyesha. Aliitazama kwa mbali tu safari hii, akageukia majani yake.

"Tena."